Somo la Tisa na Watoto Wasiohesabiwa

Kitabu cha Kiingereza cha darasa la tatu kilikuwa na masomo ishirini na manne, na mimi kilinishinda katika somo moja tu. Manane ya kwanza niliyafundisha kwa muda uliopangwa, hata nikabakiwa na siku za marudio. Somo la tisa lilinila mwaka mzima na zaidi, likanichelewesha kuthibitishwa kazini. Leo ni mtu wa makamo, cheti changu kimetundikwa ukutani, lakini nikilikumbuka somo lile bado nakaza meno.

Nieleze kwanza nilikuwa nani. Nilimaliza darasa la saba katika vilima hivihivi vya Karagwe, na vita vya huku mpakani vilipokwisha nikawa mmoja wa vijana waliochukuliwa kufundisha huku wakisomea ualimu hapohapo kazini, kwa kuwa madarasa yalikuwa mengi na walimu wachache. Watu walituita walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na herufi hizo tatu walizifasiri wenyewe: Ualimu Pasipo Elimu. Ukipita penye rubisi, pombe yetu ya ndizi, jioni, mtu ambaye hajui kuandika jina lake alikuamkia kwa tafsiri hiyo. Nilirudi nyumbani nikasoma.

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa na redio ndogo ya betri, ile iliyoitwa ya mkulima, na kamusi isiyo na jalada, ambayo kurasa za mwanzo zilikuwa zimeishia jikoni kwa watu, hivyo ilianzia katikati ya herufi C. Kila siku nilinakili maneno matano, kila Jumamosi nikajitahini kwa yote thelathini, nikiyachanganya na ya wiki iliyotangulia. Kwa mpango huo nililijua neno la Kiingereza la mkataba miaka miwili kabla sijalijua la ndizi, na hapa petu mtu anaweza kuishi miaka themanini bila kuona mkataba.

Ili nithibitishwe, mkaguzi kutoka wilayani alipaswa kuketi nyuma ya darasa langu, aone kipindi kimoja cha Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, kisha aandike kwamba ninaweza. Asipoandika, ningebaki mwalimu wa majaribio, na wa majaribio huondolewa kwa kipande cha karatasi. Wenzangu wawili walikuwa wamekwisha kuondolewa. Mmoja nilikuwa nikimwona Kituntu siku za mnada, akiuza mikungu. Aliniambia kazi si mbaya. Aliniambia hivyo kila tulipoonana.

Darasa langu lilikuwa na watoto arobaini na watatu. Nyumbani walisema Kinyambo, na wengine, ambao wazazi wao walitoka Rwanda na Burundi kutafuta ardhi na vibarua, walisema lugha za huko. Kiswahili walikutana nacho darasa la kwanza, siku ileile walipokutana na dawati. Sasa wako la tatu, Kiswahili chao bado kibichi kama tofali la jana, na mimi naambiwa nijenge Kiingereza juu yake. Chaki ilikuwa ya kubahatisha. Ilipokwisha niliandikia vipande vya muhogo mkavu. Ubao tuliupaka upya kila muhula kwa masizi ya betri zilizokufa yaliyopondwa na majani. Hayo yote sikuyalalamikia. Shida ya vitu ina dawa: unatafuta kitu kingine.

Shida ya watoto ilikuwa nyingine. Wakiwa pamoja walikuwa hodari. Ukiwaamkia kwa Kiingereza, walijibu kwa sauti moja hata mbuzi wa jirani wakainua vichwa. Ukimtaja mmoja peke yake, sauti ilipotea. Mtoto wa hapa amefundishwa kwamba mkubwa akimsemesha, anainamisha macho na kujibu chini kwa chini, na kama ni msichana anapiga magoti. Nilitumia mihula miwili kuwafundisha wasichana kwamba Kiingereza hujibiwa kwa kusimama. Mmoja alikuwa akisimama vizuri kabisa niliposema asimame, kisha, akiwa ameshatii, anapiga magoti kuonyesha adabu.

"Simama," nilimwambia kwa Kiswahili.

"Nimesimama, mwalimu," alijibu, akiwa amepiga magoti.

Huyu msichana ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Alikaa dawati la mbele, upande wa dirisha. Wazazi wa baba yake walivuka mto kuja Karagwe zamani, na yeye alilelewa na bibi yake. Ulikuwa ukimpa neno asubuhi, jioni anakurudishia likiwa limefuliwa na kunyooshwa. Nilipowaza mkaguzi ameketi nyuma ya darasa, nilimwona huyu amesimama mbele.

Basi tukafika somo la tisa. Picha ilionyesha familia: baba mwenye kofia, mama mwenye mkoba, watoto wawili, na mbwa amelala ndani ya nyumba, juu ya mkeka. Watoto walicheka mbwa kulala ndani mpaka kengele ikakaribia kugongwa. Chini ya picha yalikuwapo maswali ya "How many", yaani ngapi au wangapi, na mwongozo wa mwalimu ulisema hivi: anza na vitu, kisha watu wa kitabuni, kisha nyumbani kwa mtoto mwenyewe, kwa sababu lugha hukaa pale mtoto anapoihusisha na maisha yake. Niliupenda mwongozo ule. Ulikuwa na mpango.

Nilianza na maharage. Kila mtoto alikuja na konzi yake. Maharage mangapi? Kumi na mawili. Maharage mangapi? Thelathini. Kwa wiki moja waliweza kuhesabu kwa Kiingereza mpaka mia, na maharage wakayarudisha kwao, ila machache yaliyoliwa mabichi. Nikaenda kwa watu wa kitabuni, na huko nako tukapita salama. Kisha nikamtazama yule msichana, nikamwuliza kwa Kiingereza nyumbani kwao wako watoto wangapi.

Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akainama, akanyamaza.

Nikadhani hajaelewa. Nikamwuliza kwa Kiswahili. Akanyamaza. Nikamwuliza wa nyuma yake, mvulana mwenye maneno mengi. Akanyamaza. Nikapita dawati kwa dawati. Wengine walitazama dari, ambayo haikuwapo. Mmoja alianza kulia. Nikarudi kwenye maharage: maharage mangapi? Arobaini, kwa sauti moja, bila kosa. Na kaka zako? Kimya. Nikajaribu ng'ombe, kwa kuwa baadhi yao walikuwa watoto wa wachungaji. Baba yako ana ng'ombe wangapi? Hapo nilipata kimya kizito zaidi.

Nilirudia siku tatu. Katika andalio la somo niliandika kwa wino: "Wanafunzi wamesahau." Siku ya nne niliandika: "Wanafunzi wakaidi." Siku hiyo niliwasimamisha kipindi kizima, wote arobaini na watatu, na mimi nikasimama mbele yao nikiwa na kitabu mkononi, tukatazamana kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Kengele ilipolia hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Kesho yake akaja bibi. Niliwaona wawili wakipanda njia ya shule katika ukungu, yeye na mjukuu wake, bibi akiwa amejifunga kitenge juu ya sweta. Nilitoka nikampokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akanisalimu kwa salamu zetu zote, moja moja, na mimi nikaitikia. Kisha akasema, kwa Kinyambo chenye lafudhi ya ng'ambo ya mto, "Umemwuliza mtoto kwangu tuko wangapi."

"Ndiyo, bibi. Ni somo."

"Unatutakia nini?"

"Hakuna kitu, bibi. Ni Kiingereza."

"Mimi nimezaa, nimezika, na nimebaki na hawa. Sijawahesabu mimi niliyewazaa. Sasa wewe uliyeletewa uwafundishe kuandika unataka mtoto ataje idadi yao mbele ya watu, wakubwa na wadogo wakisikia?"

Sasa msomaji ataniuliza: wewe si mzaliwa wa hapo? Ni mzaliwa. Mama yangu hajawahi kutaja tuko wangapi. Akiulizwa na mgeni anasema tupo, na mgeni mwenye adabu anaishia hapo. Ng'ombe vilevile: mwenye zizi anawajua kwa rangi na kwa pembe, na mmoja akikosekana anamjua ni yupi, lakini huwezi kumfanya anyooshe kidole na kuanza moja, mbili, tatu. Anayehesabiwa ameonyeshwa, na aliyeonyeshwa anaweza kuchukuliwa. Nilikunywa jambo hilo na maziwa. Lakini Kiingereza nilikuwa nimekiweka mahali pake, ndani ya kamusi, mbali na migomba ya mama yangu, na haikunijia hata mara moja kwamba swali la kitabuni linaweza kutoka kitabuni likaingia uani kwa mtu. Watoto wa miaka tisa waliliona siku ya kwanza. Mimi niliandika kwa wino kwamba ni wakaidi.

Hasira yangu ilikuwa kubwa, na kwa kuwa sikuweza kumkasirikia bibi, nilikikasirikia kitabu.

"Bibi," nilisema, "hii ni mila tu. Kuhesabu hakuui mtu. Shuleni nawahesabu kila asubuhi, naandika kwenye daftari."

"Hao unaowahesabu hapa ni wa serikali," alisema. "Wahesabu. Wakifika kwangu ni wangu." Akafikiri kidogo. "Hao Wazungu waliokiandika hicho kitabu, wao hawana watoto?"

"Wanao. Kitabuni wapo wawili. Na mbwa."

"Basi si uwahesabu hao?"

Akamshika mjukuu wake bega, akamsukuma ndani ya darasa, akaondoka.

Nina vitabu kadhaa vya mbinu za kufundisha, nimevisoma vyote, na hakuna kimoja kilichonipa ushauri mwema kama huo. Nilichora nyumba ubaoni. Ilikuwa nyumba ya mtu asiyekuwapo, mwenye migomba, kahawa mistari miwili, na watoto ambao hakuna mama aliyewazaa. Hao watoto wangu waliwahesabu kwa furaha. Kila Ijumaa walidai nimwongezee mtu yule mtoto mwingine. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa na kumi na mmoja na ng'ombe mia mbili, na darasa zima lilijua kumwuliza na kumjibu. Nikaandika kwenye andalio: "Somo limeeleweka." Nikamsubiri mkaguzi.

Alitangazwa kuja Alhamisi. Alikuja Jumanne, kwa pikipiki, vumbi jekundu limempaka mpaka nyusi. Alikuwa mtu wa mikoa ya kusini, mnene kidogo, mwenye subira. Nasema hivyo kwa haki: alikuwa na subira. Mwalimu mkuu, mzee wa Kilutheri aliyebakiza miaka michache astaafu, alimleta mlangoni mwangu na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, usikimbie. Pumua, halafu fundisha." Kisha akaketi naye nyuma, kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani.

Nilifundisha vizuri. Siwezi kusema vinginevyo. Maharage yalihesabiwa. Familia ya kitabuni ilihesabiwa. Mtu wa ubaoni na kumi na mmoja wake walihesabiwa, na mkaguzi akatabasamu. Nilikuwa nimebakiza dakika nane nikipanga kumalizia kwa zoezi la kuandika, ndipo akainua mkono kama mwanafunzi.

"Vizuri sana, mwalimu. Ila naona wamezoea picha. Mwongozo unasema umfikishe mtoto nyumbani kwake. Niruhusu niulize mmoja."

"Karibu, ndugu mkaguzi," nilisema. Ningesema nini?

Akaja mbele. Alimchagua yule msichana wa dirishani, kwa sababu ndiye aliyekuwa amejibu vizuri kuliko wote. Akamwuliza kwa Kiingereza safi, polepole, kwa upole, ana kaka na dada wangapi.

Msichana alisimama. Nilimwona akitafuta. Hakunyamaza kama mara ya kwanza, maana alijua kwamba kunyamaza kungenidhuru mimi. Alikuwa akitafuta maneno kati ya yale machache niliyompa. Kisha akapiga magoti pembeni ya dawati, mihula yangu miwili ikaenda na maji, akasema:

"They are there, sir."

Wapo, bwana.

Neno la kusema kitu kipo pale niliwafundisha katika somo la sita, kwa habari ya chungu na meza. Hakuna aliyewafundisha kulitumia kwa watu. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiingereza iliyosemwa katika darasa lile bila mtu kuiweka kwanza mdomoni mwa msemaji, na ilikuwa sahihi, na ilikuwa ya adabu, na nilijivuna kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikamtazama mkaguzi.

"Yes," alisema. "But how many?"

"They are there, sir."

Akamgeukia wa pili. Wa pili alikuwa ameshasikia jibu lilivyo. "They are there, sir." Wa tatu. Wa nne. Yule mvulana mwenye maneno mengi aliongeza kwamba na ng'ombe nao wapo. Nyuma ya darasa mwalimu mkuu alikuwa amefunika mdomo kwa daftari langu la maandalio.

Mkaguzi alinigeukia. Hakukasirika. "Labda hawajapata mfano," aliniambia kwa Kiswahili. "Tuwape mfano, mimi na wewe." Akasimama sawa, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani: "Teacher, how many children have you got?"

Hilo ndilo swali lililokuwa kati yangu na cheti. Halikuwa gumu. Nilikuwa nimelifundisha kwa muhula mzima. Jibu lake lina maneno mawili au matatu na tarakimu. Nami sikuamini mila ile. Katika somo la afya nilikuwa nikiifundisha chini ya kichwa cha imani zisizo na msingi, na mtihani wake nilikuwa nimeutunga mwenyewe.

Watoto arobaini na watatu walikuwa wakinitazama mdomo. Msichana alikuwa bado amepiga magoti.

Nyumbani kwangu kulikuwa na waliokuwa wakicheza uani. Kulikuwa na mmoja migombani, chini ya udongo, tangu masika ya mwaka uliotangulia. Na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilifungua mdomo nikiwa na nia kamili ya kutaja tarakimu. Naapa nilikuwa na nia hiyo.

"They are there, sir," nilisema.

Darasa likatoa pumzi, wote kwa pamoja, kama wanavyofanya kila kitu kwa pamoja.

Ofisini mwalimu mkuu aliandaa ndizi na maharage na chai isiyo na sukari, akajaribu kunisaidia. Alimweleza mkaguzi habari yote, tangu mama zetu hadi mazizi. Mkaguzi alisikiliza, akala, akauliza swali moja.

"Na daftari la mahudhurio? Si anawahesabu kila asubuhi?"

"Hao ni wa serikali, ndugu mkaguzi," alisema mwalimu mkuu. "Wa serikali wanahesabika. Hata wewe tungekuhesabu."

Mkaguzi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akafuta mikono, akachukua kalamu, na kicheko kikamtoka usoni. "Mzee, nimekuelewa. Lakini niandike nini? Fomu ina nafasi mbili: anaweza, hawezi. Niandike kwamba darasa zima pamoja na mwalimu wao wana watoto nyumbani na hawajui wangapi? Wilayani watauliza nimelewa wapi." Akanigeukia. "Mwalimu, Kiingereza unacho. Jibu moja tu, kijana. Jibu moja. Si ungenidanganya tu?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Mtu mwenye mpango kama mimi, mwenye maandalio ya muhula mzima kwa wino, sikuwa nimefikiria kusema uongo. Na hata sasa, nikifikiri, sijui kama uongo ungesaidia, kwa sababu uongo nao una tarakimu.

Aliandika kwamba nirudiwe baada ya mwaka mmoja.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya kilima. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni pa jiko akimenya ndizi, miguu ameinyoosha kwa ajili ya tumbo. Alinitazama mara moja, akajua. Nikamweleza kila kitu kwa mpangilio, tangu pikipiki mpaka fomu. Nilieleza kwa hasira, na hasira ilikuwa juu ya kitabu, juu ya mwongozo, juu ya bibi wa watu, juu ya mkaguzi na mkono wake ulioinuka, na zaidi juu ya mdomo wangu.

"Mtu mzima," nilisema. "Nimesoma. Swali la darasa la tatu."

Akamenya ndizi nyingine, akaitumbukiza majini.

"Baba yao," alisema, "ungemwambia wangapi?"

Nilitazama uani, kisha migombani, kisha tumbo lake. Yeye hakuacha kumenya. Hakuwa akinitega. Alitaka kujua kweli ningemtaja nani na ningemwacha nani. Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku nzima, kwa sababu mchana kutwa nilikuwa nimejilaumu kwa kuficha jibu, na sasa naona kwamba jibu lenyewe sikuwa nalo.

"Wapo," nilisema mwishowe.

"Basi," alisema. "Kachote maji."

Mwaka uliofuata niliutumia kama ninavyotumia kila mwaka. Niliorodhesha maswali yote ambayo mkaguzi anaweza kumwuliza mtoto au mwalimu kuhusu nyumbani kwake, nikayatafutia majibu yenye tarakimu zisizomgusa mtu: vyumba, madirisha, sufuria, mistari ya kahawa. Nilijizoeza nikitembea njiani. Watoto nao niliwazoeza. Mkaguzi wa mwaka huo alikuwa mama mmoja mkali, aliyekuja siku aliyosema atakuja. Alikaa nyuma kipindi kizima bila kusema neno. Mwishoni alisimama akaliuliza darasa swali moja kwa Kiingereza: leo hali ya hewa ikoje? Likajibu kwa sauti moja kwamba jua linawaka. Mvua ilikuwa ikinyesha, na kwa bati lile hata yeye mwenyewe alikuwa hasikiki vizuri. Akaandika kwamba ninaweza.

Mwaka mzima wa sufuria na madirisha.

Wiki tatu baadaye zikaja karatasi za kuthibitishwa, nizijaze kwa mkono wangu na kuzirudisha wilayani. Jina, mahali pa kuzaliwa, elimu, dini, ndoa. Nikazijaza kwa mwandiko wangu bora, mstari kwa mstari, hadi nilipofika mstari wa kumi na nne. Mstari wa kumi na nne ulisema: Idadi ya watoto.

Kisha nikaandika: "Wapo."

Karatasi ilirudi baada ya mwezi, imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni yake: "Jaza idadi." Nikaipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu, nikaiweka mezani. Aliitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"UPE," alisema, kama mtu anayemwita mbwa wake mzee. "Geuka ukutani."

"Mzee?"

"Mimi si baba yao. Mimi ni serikali. Geuka ukutani."

Niligeuka nikatazama ramani ya Tanzania iliyokuwa imeliwa na mchwa upande wa kusini. Nilisikia kalamu yake ikiandika, mara moja, kifupi. Kisha akaikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akailamba na kuifunga kabla hajaniambia nigeuke.

Cheti kilikuja. Katika miaka yangu yote ya kazi idadi aliyoiandika imekaa katika jalada langu wilayani, na nina haki ya kwenda kuomba jalada hilo nilisome. Sijaenda. Sijui aliandika wangapi.